Makopo Matatu Yaliyofanana

Asubuhi za kipupwe, kabla hajavaa sare za shule, Warda alikuwa na kazi moja aliyoipenda kuliko zote. Aliitoa chupa ya mafuta ya nazi jikoni na kuiweka juani, juu ya kinu kilichopinduliwa. Usiku wa baridi uliyagandisha mafuta yale yakawa meupe na magumu. Jua likishapanda juu ya mikoko ya ng'ambo, yalianza kulegea pembeni, yakateleza, kisha yakawa maji tena, yanang'aa. Hapo Bibi Mwantum aliyamimina kidogo kiganjani na kumpaka mjukuu wake miguu na uso, akimsugua kwa nguvu kama anayesugua sufuria lenye masizi.

"Bibi, unaniumiza!"

"Tulia, mke mwenzangu. Nikikuacha uende na miguu imepauka hivi, mwalimu atadhani huna kwenu."

Warda alikuwa na miaka kumi na miwili, yuko darasa la sita. Baba na mama yake walikuwa Kibiti mjini wakifanya biashara ya samaki wakavu, naye aliishi na bibi yake huko Mbuchi, kwenye delta, ambako ukitaka kwenda popote pa maana lazima upande mtumbwi au boti. Walikuwa wawili tu nyumbani, na walizoeana sana. Walitaniana, walinuniana, walipatana kabla chakula hakijaiva.

Bibi Mwantum alijulikana vijiji vyote vya jirani kwa sabuni yake. Kila baada ya wiki mbili, yeye na wenzake wanne walikutana uani kwake kutengeneza sabuni ya mafuta ya nazi. Warda aliruhusiwa kukuna nazi, kuchuja tui, kukoroga na kukata vipande. Kazi moja tu alikatazwa: kugusa kostiki.

Kostiki ilikuwa dawa kali ya kutengenezea sabuni, chenga nyeupe zilizofanana na chumvi ya mawe. Bibi alivaa glavu nene, akasimama upande unakotoka upepo, akaitia kidogo kidogo kwenye ndoo ya plastiki yenye maji. Hapakuwa na moto, lakini ndoo ilipata joto yenyewe mpaka mvuke ukapanda. Maji yale yalipopoa na kuchanganywa na mafuta, mchanganyiko ulikuwa mzito kama uji, ukagandishwa kwenye sanduku la mbao, na baada ya majuma kadhaa ukawa sabuni yenye povu jingi.

"Hii inafanana na chumvi kwa sura tu," Bibi alimwonya mara nyingi. "Ikikugusa inakula ngozi. Mtu akiimeza ndiyo basi tena. Kwa hiyo hapa ni mimi peke yangu."

Aliihifadhi kwenye chupa ya plastiki nyeupe inayoonyesha ndani, yenye mdomo mpana na mfuniko mwekundu unaobana sawasawa. Chupa ile aliifunga kitambaa na kuiweka chini kabisa ya sanduku lake la nguo.

Siku moja ya Alhamisi, Mwalimu Elinipendo aliwaambia wanafunzi wake wa darasa la sita kwamba kesho yake wangejifunza sifa za vitu. Mwalimu huyu alitoka Same, kwenye milima, na alikuwa na mwaka wa tatu Mbuchi. Watoto walimpenda kwa sababu alifundisha kwa vitu vya kushika. Hakupenda kuwaandikia ubao mzima wa maneno matupu.

"Kila kundi lilete chupa moja ya kuonyesha ndani, yenye mdomo mpana na mfuniko unaobana," alisema. "Ndani yake mafuta ya nazi, kiasi cha vidole viwili. Nani ataleta kwa kundi la kwanza?"

"Mimi, mwalimu!" Warda alinyoosha mkono kabla hajafikiri.

"Wewe?" Sadala, aliyekaa nyuma yake, alicheka. "Juzi uliahidi utaleta sumaku. Iko wapi?"

Darasa zima lilicheka. Warda alihisi masikio yakimwaka. "Nitaleta, utaona," alisema.

Aliporudi nyumbani alitafuta kila mahali. Palikuwa na vibuyu, vyungu, chupa za maji zenye mdomo mwembamba, na makopo ya bati ya maziwa ya unga ambayo Bibi hakuwahi kuyatupa. Chupa ya kuonyesha yenye mdomo mpana ilikuwa moja tu, na Warda aliijua ilipo.

Bibi alikuwa kwa jirani akitwanga mpunga. Warda angeweza kumsubiri amwombe. Lakini alijiambia kwamba analijua jibu la Bibi hata kabla ya kuuliza. "Ni leo na kesho tu," aliwaza. "Kesho jioni nairudisha, wala hatajua."

Alifungua sanduku. Alichukua kopo tupu la maziwa, akamiminia kostiki yote ndani yake, akikaza macho na kuzuia pumzi. Alijitahidi isimwagike. Hata hivyo chenga moja ilimrukia juu ya kifundo cha mkono, na mkono wake ulikuwa na majimaji. Mwanzoni palimwasha kidogo tu. Mara pakawaka kama amewekewa kaa la moto. Alikimbilia mtungini akajimwagia maji kata baada ya kata, machozi yakimtoka, mpaka maumivu yakapungua. Palibaki alama nyekundu kama punje ya mtama.

Alilifunika kopo, akalisukuma uvunguni mwa kitanda chake. Akaiosha ile chupa mara tatu kwa maji mengi. Bibi aliporudi, Warda alikuwa amevaa blauzi ya mikono mirefu, anasoma.

Siku ya Ijumaa mambo darasani yalikwenda vizuri ajabu. Chupa ya kundi la kwanza ndiyo iliyopendeza kuliko zote. Hata Sadala aliisogelea kuitazama.

"Nzuri sana," Mwalimu Elinipendo alisema, akiinyanyua juu. "Ilikuwa na nini ndani?"

"Asali, mwalimu," Warda alijibu.

Neno lilimtoka lenyewe, laini, kama lilikuwa limekaa mdomoni likingoja.

Mafuta yalikuwa yameganda. Mwalimu alizipanga chupa dirishani penye jua, na watoto wakatazama yakiyeyuka polepole huku wakiandika walichokiona.

"Haya, niambieni. Yalikuwa magumu, sasa ni maji. Je, yamekuwa kitu kingine?"

"Hapana, mwalimu," alisema msichana mmoja aliyeitwa Mwanamina. "Ni mafuta yaleyale. Kesho asubuhi yataganda tena."

"Vema. Rangi, harufu, ugumu, kuyeyuka, kuganda, hizo ni sifa za kifizikia. Unazitambua bila kukigeuza kitu kiwe kitu kingine." Kisha akatoa mfukoni kipande cha sabuni. "Na hii nayo ilikuwa mafuta ya nazi. Nikiianika juani, itarudi kuwa mafuta?"

"Hairudi!" Warda alisema kwa sauti. Hili alilijua kuliko mtu yeyote darasani. "Yamechanganywa na kostiki, yakawa kitu kipya."

"Umesema kweli. Jinsi kitu kinavyobadilika kinapokutana na kingine, kikawa kitu kipya, hiyo ndiyo sifa yake ya kikemia. Vitu viwili vinaweza kufanana rangi na umbo mpaka usivitofautishe kwa macho, lakini kikemia kila kimoja kikawa na mambo yake."

"Na tukionja, mwalimu?" aliuliza Sadala. "Chumvi na sukari si unaonja tu?"

"Ladha ni sifa pia," Mwalimu alijibu, "lakini kitu usichokijua usikionje kamwe. Daftari ukikosea unafuta. Ulimi ukikosea huna ufutio."

Watoto walicheka, naye Warda alicheka pamoja nao. Kengele ilipogongwa, alinyoosha mkono kuichukua chupa yake.

"Hapana, ziacheni," Mwalimu alisema. "Chupa zote zinabaki hapa mpaka Jumatatu. Nataka nione mafuta yanavyoganda asubuhi tatu mfululizo."

Warda alisimama na mkono wake hewani. Mpaka Jumatatu! Alitaka kusema kitu, lakini angesemaje baada ya kutaja asali?

Nyumbani alikuta shangwe. Mama mdogo Salama alikuwa amewasili kwa boti kutoka Nyamisati na magunia ya mchele, sukari na vitunguu. Kesho yake, Jumamosi, palikuwa na akika ya mtoto wa Mjomba Nasibu, na shughuli ingefanyika uani kwa Bibi. Majirani walikuja na masufuria. Mbuzi alikuwa amefungwa nyuma ya nyumba. Warda alisahau hofu yake kwa muda.

Kisha Bibi akaenda kutoa kanga zake nzuri sandukuni. Alikawia ndani. Alipotoka, mkononi alishika kile kitambaa, kitupu.

"Warda, umeiona chupa yangu ya kostiki?"

"Sijaiona, Bibi."

Bibi alimtazama. Warda naye alimtazama, hakupepesa macho.

"Basi labda mmoja wa wenzangu ameichukua, akasahau kuniambia," Bibi alisema, akikikunja kitambaa. "Wewe huwezi kuniongopea mimi."

Angemgombeza ingekuwa afadhali. Warda alikwenda kukaa nyuma ya nyumba, karibu na mbuzi, na hakuwa na hamu hata ya kula kashata alizoletewa na mama mdogo.

Jumamosi asubuhi, Warda alitumwa kisimani mara nne. Safari ya mwisho aliporudi, aliukuta mlango wa chumba chake wazi, sakafu imefagiwa na kunyunyiziwa maji. Alipiga magoti akachungulia uvunguni. Kopo halikuwepo.

Alikimbia jikoni, pale uani. Juu ya ubao wa vyombo, karibu na meko, yalipangwa makopo matatu ya maziwa, ya namna moja, ukubwa mmoja, kila moja lina picha ileile ya ng'ombe.

"Mama mdogo, haya makopo..."

"Ya chumvi," Salama alisema huku akimenya vitunguu. "Mawili yalikuwa hapa. La tatu nimelikuta uvunguni kwako wakati nafagia. Bibi yako naye kwa kuficha vitu, hata chumvi anailaza kitandani!" Akacheka kwa moyo mweupe.

Warda alifunua makopo moja baada ya jingine. Kwa siku nyingine angedhani kostiki ingejulikana tu. Lakini chumvi ya huku kwenye delta haikauki, hewa ya bahari huitia unyevu ikashikana mabonge. Na kostiki nayo, kwa kukaa siku mbili kwenye kopo lisilobana, ilikuwa imevuta unyevu ikashikana vilevile. Nyeupe, nyeupe, nyeupe. Zote hazina harufu. Alitazama mpaka macho yakamuuma.

Kidole kilimwasha. Akionja kidogo tu, kwa ncha ya ulimi, atajua. Kidole kilikuwa kimekaribia kopo la kati alipoikumbuka sauti ya mwalimu wake, na ile chenga moja ilivyomchoma mkononi. Akakirudisha kidole nyuma.

"Mama mdogo, umeshatumia chumvi yoyote?"

"Nimetia kwenye mchuzi wa kamba sasa hivi. Kijiko kimoja."

"Kutoka kopo lipi?"

"Warda, mimi nitajuaje? Yote si chumvi?"

Sufuria la mchuzi wa kamba lilikuwa limeshaipuliwa pembeni. Mjomba Nasibu alikuwa ameingia majini siku mbili kuwatafuta kamba wale, wakubwa, kwa ajili ya watu wa nyumbani na watoto. Tayari watoto watano walikuwa wameketi mkekani na sahani zao. Kwenye meko kubwa, maji ya wali yalikuwa yanachemka, na Bibi Mwantum, kanga imefungwa kiunoni, aliunyoosha mkono wake nyuma bila kugeuka.

"Nipeni chumvi."

Kichwa cha Warda kilikwenda mbio. Angeweza kujikwaa, akayamwaga makopo yote chini kama bahati mbaya. Wali ungeokoka, na hakuna ambaye angejua. Lakini mchuzi? Mchuzi ulikuwa umekwishatiwa, na mmoja wa watoto wale alikuwa anainuka na sahani yake.

"Msile!" Warda alipiga kelele. "Bibi, usitie! Msile mchuzi!"

Bibi aligeuka.

"Kopo moja ni kostiki," Warda alisema. "Mimi ndiye niliyeimimina humo. Niliitaka chupa, niipeleke shule. Nikaficha kopo uvunguni. Bibi, jana nilikuongopea. Sasa sijui lipi ni lipi."

Kisu cha Salama kilianguka. Bibi Mwantum aliwanyang'anya watoto sahani kwanza, akauliza mmoja mmoja kama yupo aliyeonja. Hakuna aliyekuwa ameonja. Alimuuliza Salama, naye akaapa kwamba alionja mchuzi kabla ya kutia chumvi, si baada yake. Bibi alishusha pumzi, akalivuta sufuria la kamba mpaka kando ya ukuta, akalifunika na kuweka jiwe juu.

"Asiguse mtu kitu," alisema. "Salama, nenda kwa yule mwalimu. Mwambie Mwantum anamhitaji sasa, asingoje saa ya mwaliko."

Mwalimu Elinipendo alikuja haraka, bado ana zawadi ya mtoto mkononi, shuka dogo la njano.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, mwanangu. Tumo kwenye mtihani."

Warda alieleza yote tena, safari hii bila kuficha hata lile la asali. Mwalimu alimsikiliza mpaka mwisho. Hakukunja uso, lakini tabasamu lake la kila siku halikuwepo, na Warda aliliona pengo lake.

"Haya," Mwalimu alisema. "Watoto wote wakae mbali, kule kwenye mpera. Hii ni kazi ya watu wazima. Bibi, naomba zile glavu zako, bilauri tatu za kioo, na kijiko cha plastiki." Akatazama huku na huku, macho yakatua kwenye ndoo ya kinywaji cha wageni. "Ile ni rozela?"

"Ndiyo. Haijatiwa sukari."

"Vizuri zaidi."

Watu walisogea, lakini walisimama mahali pa kuona. Mwalimu alivaa glavu, akapanga bilauri tatu juu ya meza, moja mbele ya kila kopo. Alimimina rozela kidogo katika kila bilauri, akaongeza maji. Zote zikawa na rangi nyekundu ya kupendeza.

"Kwa macho tumeshindwa," alisema, akiinua sauti ili watoto nao wasikie. "Zote ni nyeupe, zote ni chenga, na zote zinayeyuka kwenye maji. Sifa hizo hazitusaidii leo. Tutazame zinafanya nini zikikutana na rozela."

Alichota chembe chache kutoka kopo la kwanza, akatia kwenye bilauri ya kwanza, akakoroga. Wote walikodoa macho. Nyekundu ilibaki nyekundu.

Alifuta kijiko vizuri, akachota kutoka kopo la pili. Chembe ziligusa maji, na papo hapo wekundu ukawa kama zambarau, zambarau ikageuka kijani, na kijani ikaanza kwenda kwenye manjano. Wanawake waliguna kwa pamoja.

"Lahaula!" Salama alijishika kichwa.

Mwalimu aligusa kioo kwa nyuma ya glavu. "Na bilauri imeanza kupata uvuguvugu. Hii ndiyo kostiki." Bilauri ya tatu ilibaki nyekundu kama ya kwanza.

Lilikuwa kopo la kati, lile ambalo Warda alitaka kulionja. Alichuchumaa chini.

Bibi mwenyewe alilichukua kopo lile, akalifunika, akaliingiza kwenye ndoo ya plastiki yenye mfuniko, na ndoo akaifungia ndani. Bilauri zile na kijiko vilitengwa visitumike tena kwa chakula.

"Basi, mwalimu, tupimie na mchuzi," Salama aliomba. "Kamba wale, jamani!"

Mwalimu alilitazama sufuria, akatikisa kichwa. "Mchuzi una ndimu, una nyanya, una bizari. Rangi zake zitanichanganya, na ndimu inaweza kuificha kostiki kidogo nisiione. Siwezi kuwaambia ni salama kitu nisicho na hakika nacho."

Bibi Mwantum hakubishana. "Warda, lete jembe."

Warda alichimba shimo nyuma ya nyumba, mbali na kisima na banda la kuku, chini zaidi na zaidi mpaka jasho likamwingia machoni. Mjomba Nasibu alikuja akalibeba sufuria mwenyewe. Harufu ya nazi na ndimu ilijaa kote alipokuwa akimwaga. Hakumgombeza Warda. Alisema tu, "Walikuwa wakubwa, wale," akarudi mbele ya nyumba. Warda alifukia shimo huku akilia. Mpaka leo hakuna anayejua kama mchuzi ule ulikuwa na kostiki au chumvi tu.

Alipokuwa akinawa, Bibi aliiona ile alama mkononi. Aliushika mkono ule, akaugeuza kwenye mwanga.

"Hii nayo ya lini?"

"Ya Alhamisi, Bibi."

"Siku mbili unatembea na kidonda pembeni yangu!" Salama akampeleka Warda zahanati palepale. Muuguzi alikiangalia, akasema ni kidogo na kitapona, na kwamba alifanya vema kujimwagia maji mengi bila kuchelewa. Lakini angetakiwa kupelekwa siku ileile.

Akika ilifanyika. Wali ulitoka mzuri, nyama ya mbuzi ilitosha, maulidi yakasomwa, mtoto akapewa jina la Abdulhalim. Wageni walikula wakashiba, na wengi wao hawakujua kilichotokea asubuhi. Warda aligawa maji ya kunawa bila kuinua uso.

Baada ya alasiri wageni walipotawanyika, Bibi alitandika jamvi, akamwita Warda akae. Mwalimu Elinipendo alikuwepo, anamalizia chai.

"Nikuulize," Bibi alianza. "Kwa nini hukuniomba hiyo chupa?"

"Nilijua utakataa."

"Ulijuaje? Uliniuliza?"

Warda alichezea ukindu wa jamvi.

"Ningekupa," Bibi alisema. "Ningeihamisha kostiki kwa mikono yangu, na glavu zangu, kwenye chombo chake, na wewe ungekwenda shule na chupa yako ukiwa na raha. Ingekuwa kazi ya robo saa. Mimi na wewe tunakaa wawili humu ndani, Warda. Nikikuuliza kitu, jibu lako ndilo ninalolitegemea. Jana ulinijibu, nikalala usingizi, kumbe kostiki iko chini ya kitanda cha mtoto wangu."

Hapo Warda aliangua kilio, akaangusha kichwa mapajani kwa bibi yake. "Nisamehe, Bibi."

"Nimeshakusamehe tangu ulipopiga kelele pale," Bibi alisema, akimpapasa kichwa. "Ulikuwa na nafasi ya kunyamaza, watu wote wanakutazama, ukasema. Hilo nimeliona. Ila ungesema Alhamisi, mke mwenzangu, tusingefukia kamba wa mjomba wako."

"Na mimi nisamehe, mwalimu," Warda alisema, akiinuka na kujifuta machozi. "Haikuwa asali."

"Nimekusamehe," Mwalimu alijibu. "Chupa ile haitatumika tena kwa chochote cha kuliwa, na Jumatatu utawaeleza wenzako kwa nini. Wewe mwenyewe, kwa maneno yako. Warda, katika sayansi tunaandika tulichokiona, hata kama kinatuaibisha, kwa sababu mtu mwingine atalitumia lile tuliloandika. Nyumbani ni vilevile. Watu hula, hunywa na hulala wakiamini tulichowaambia. Ukikosea, sema siku hiyohiyo. Kosa la Alhamisi lilihitaji chupa nyingine tu. Lilipofika Jumamosi lilikuwa linahitaji daktari."

Warda aliitikia kwa kichwa. Kisha akauliza, "Bibi, nikaandike majina kwenye makopo yote? Ili mtu asikosee tena."

"Andika. Lakini mimi hizo herufi zenu za shule sizisomi. Niandikie na zile za chuoni, za Kiarabu, ndizo ninazozijua."

Warda alikimbia kuleta kalamu ya wino mzito na karatasi za gundi alizopewa na Mwalimu. Aliandika kila jina mara mbili, juu kwa herufi za shule, chini kwa herufi za chuo cha Kurani. Sukari. Majani ya chai. Kwenye ndoo ya kostiki aliandika SUMU, USIGUSE, kwa herufi kubwa zilizozunguka ndoo nzima. Mwalimu Elinipendo, ambaye hakuzijua herufi za Kiarabu hata moja, alisogea kutazama, na Warda akamfundisha jinsi ya kusoma kuanzia kulia.

Bibi alilishika kopo la chumvi, akalisogeza karibu na macho, akasoma polepole midomo ikicheza. Akalirudisha.

"Herufi yako ya che ina nukta mbili," alisema. "Inataka tatu. Rekebisha."

Warda alicheka, kwa mara ya kwanza tangu jana, akaongeza nukta ya tatu.